Nchi Yenye Kiti Kimoja

Ipo nchi ambayo raia wake wote, wakubwa kwa wadogo, wana kiti kimoja tu. Si kiti cha enzi. Ni kiti cha kawaida cha miguu minne, na mguu mmoja umewekewa kipande cha boksi ili kisiyumbe. Lakini sheria ya nchi inasema hakuna kazi inayofanyika pasipo kukaa juu yake. Ukitaka kujumlisha hesabu, ukae. Ukitaka kuchora, ukae. Hata ukitaka kuwaambia wenzako kwamba leo huna kazi, sharti ukae kwanza ndipo useme.

Nchi hiyo imo ndani ya kompyuta ya ofisi ya usharika wa Mrindoko, na mtu wa kwanza wa usharika kuitembelea ni Apaikunda, mwalimu wa kwaya ya wazee. Njia aliyopitia haina haja ya kuelezwa. Waliofika huko wanaijua, na wasiofika wataona ni chumvi. Inatosha kusema kwamba alikuwa amepiga magoti mbele ya ile mashine akiomba, paji la uso likiwa juu ya kibodi, na alipoinua kichwa alijikuta upande wa pili.

Sababu ya kuomba alikuwa nayo. Mchana ule kwaya ilikuwa inarekodi, na ndani ya wimbo mlikuwa na sehemu ya kuimba peke yako ambayo hakuna aliyeiweza isipokuwa Mama Nashesha, bibi wa miaka themanini na ushee, mwenye sauti ya msichana na kifua kinachofuka kama jiko bovu. Mara ya kwanza aliimba vizuri mno. Hata besi, ambao kwa kawaida huingia kabla ya zamu yao, siku hiyo walichelewa kidogo kwa kumshangaa. Lakini waliposikiliza, kila mstari ulikuwa umekatwa na "krrk!" kama mtu anayetafuna kokoto. Apaikunda, aliyejifunza kompyuta utu uzima kwenye masomo ya jioni, akabonyeza kila alichofundishwa kubonyeza. Akaiambia mashine isubiri zaidi kabla ya kuurudisha wimbo. Krrk zikapungua, lakini sasa Mama Nashesha akawa anajisikia kwenye hedifoni wakati ameshafunga mdomo.

"Nani huyu anayenifuatafuata nyuma?" aligomba katikati ya ubeti, na mara ya pili nayo ikaharibika.

Kisha akaketi, akashika kifua. "Mwalimu, kifua changu nakijua. Mara ya tatu nitaimba. Ya nne mtaniimbia ninyi, nikiwa nimelala kwenye sanduku."

Wazee wakaenda kunywa chai ukumbini. Apaikunda akabaki ofisini, akapiga magoti, na ndivyo ilivyokuwa.

Kitu cha kwanza alichofanya katika nchi ile ni kuteleza. Sakafu ilikuwa na ute. Aliinama, akachota kidogo kwa kidole, akausogeza sikioni, na ule ute ukamwimbia kwa sauti nyembamba ya Mama Nashesha: "...tunaku..." Ilikuwa nusu ya neno "tunakushukuru" kutoka ubeti wa pili. Nusu iliyobaki ilikuwa imeganda kwenye soli ya kiatu chake.

"Usikanyage hapo, mama," ilisema sauti. "Pana wimbo."

Aliyesema alikuwa bwana mwembamba mwenye jasho, amekumbatia bakuli. Aliitwa Kinanda. Juu ya kichwa chake, darini, palikuwa na sikio kubwa lililoelekea chini, na Kinanda akaeleza kwamba kwaya inapoimba huko nje, wimbo hudondoka kutoka katika sikio hilo tone kwa tone, naye huukinga kwa bakuli na kwenda kuumimina stoo. "Kukinga si kazi," alisema. "Kazi ni kumimina. Kumimina lazima nikae kwenye Kiti. Nisipopata Kiti kabla bakuli halijajaa, linamwagika. Likimwagika, huko kwenu mnasikia nini?"

"Krrk," alisema Apaikunda kwa uchungu.

"Samahani sana," alisema Kinanda, na alionekana kumaanisha.

Foleni ya kwenda kwenye Kiti ilizunguka ukumbi mzima. Mbele alisimama mtu mrefu mwenye filimbi, Mheshimiwa Zamu, mgawaji wa Kiti. Kipimo chao cha muda ni mpepeso, yaani kufumba jicho na kufumbua. Kila raia alikaa mpepeso mmoja, filimbi ikalia, akainuliwa hata kama alikuwa katikati ya neno, akarudi mwisho wa foleni.

"Bwana asifiwe," alisalimia Apaikunda.

"Mwisho wa foleni ni kule," alijibu Mheshimiwa Zamu.

"Sikuja kukaa. Nimekuja kumwombea Kinanda. Wimbo haungoji, Mheshimiwa. Ukidondoka umedondoka."

Mheshimiwa Zamu alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgeni aliyevaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto. "Mama, nchi hii ina haki. Saa ya Ukutani hapati zaidi ya Kinanda, na Kinanda hapati zaidi ya Sasisho. Sote sawa."

Aliyeitwa Sasisho ndiye aliyekuwa kwenye Kiti wakati huo, bwana mnene mwenye tai na kofia fupi ya kijivu. Filimbi ikalia, akainuka. Lakini badala ya kwenda mwisho alizunguka mguu wa Kiti na kusimama mbele tena.

"Kazi yako ni nini, baba?" Apaikunda aliuliza.

"Natoka Makao Makuu," alisema Sasisho. "Naulizia kama kuna jambo jipya."

"Mara ya mwisho uliuliza lini?"

"Sasa hivi."

"Na lilikuwapo?"

"Halikuwapo. Ndiyo maana nina wasiwasi."

Watu wa foleni wakatikisa vichwa kwa heshima. Ilionekana wasiwasi wake ulikuwa unategemewa na taifa.

"Kama wimbo unamwagika," aliendelea Mheshimiwa Zamu, "mpe Kinanda ndoo badala ya bakuli. Ndoo haijai haraka."

"Ndoo tumeijaribu. Wimbo unakaa sana ndani, unamrudia mwimbaji amechelewa. Mama Nashesha amegombana na sauti yake mwenyewe mpaka kikohozi kimempanda."

Mheshimiwa Zamu akakuna kidevu kwa filimbi. "Basi imebaki Sheria ya Kofia," alisema, na foleni nzima ikageuka kumtazama.

Sheria ya Kofia ni hii. Raia wa Chama cha Sauti anaruhusiwa kuvaa kofia ndefu. Mwenye kofia ndefu akifika, aliyeko kwenye Kiti huinuka hapo hapo, hata kama hajamaliza kukaa, ila kama naye ana kofia ya urefu ule ule. Na yeye mwenye kofia hapulizwi filimbi. Anakaa mpaka atakapoona mwenyewe imetosha. Tena vitu vyake havipelekwi ghala la mbali, kama vinavyopelekwa vya raia wengine wakisinzia. Kofia fupi, kama ya watu wa Makao Makuu, humtanguliza mtu mbele ya wasio na kofia, lakini humpisha mwenye ndefu.

"Kwa nini hamkuniambia mapema?"

"Kwa sababu ya Giza Kuu," alisema Mheshimiwa Zamu, na wote wakainamisha vichwa, isipokuwa Sasisho. Akasimulia kwamba zamani kofia ndefu kuliko zote alipewa bwana mmoja aitwaye Mzunguko, ambaye kazi yake ilikuwa kuhesabu moja, kisha kurudi kwenye moja ili ahakikishe. Akakaa. Hakuona imetosha. Filimbi haikumhusu. Nchi ikasimama, mshale ukaganda angani, na mwishowe Kidole cha Nje kikaja na kuzima jua. Lilipowaka tena, kila mtu alikuwa amesahau kila kitu ambacho hakuwa amekiweka stoo.

Apaikunda alikumbuka siku hiyo. Kidole kilikuwa chake. Akakificha nyuma ya mgongo.

"Tangu hapo," alimaliza Mheshimiwa Zamu, "hata mwenye kofia ndefu, katika kila mipepeso mia, mitano si yake. Ni ya wasio na kofia."

"Nusu ya zaka," alisema Apaikunda, na kwa mara ya kwanza akaipenda nchi ile. "Na nani anatoa kofia?"

"Mwenye neno la siri."

Neno la siri la kompyuta ya usharika Apaikunda alilijua, maana alilichagua yeye. Akamwinamia Mheshimiwa Zamu sikioni, akanong'ona, "Chai ya maziwa." Mheshimiwa Zamu akapiga goti moja. Sanduku la kofia likaletwa.

Hapo ndipo Apaikunda alipokosea, na alikosea kwa moyo safi. Alitazama ile foleni: Saa ya Ukutani aliyekonda kwa kusimama, mzee wa kuzuia virusi anayepekua mifuko ya kila mtu pamoja na yake mwenyewe, akina mama wa Kivinjari waliobeba madirisha kichwani. Akaona aibu kumvika mmoja na kuwaacha wengine. Mbele za Mungu hakuna upendeleo, alijiambia. Akafungua sanduku na kuwavika wote kofia ndefu kuliko zote.

Walishangilia. Kisha kila mmoja akatazama kulia na kushoto, akaona kofia iliyo sawa na yake, na foleni ikabaki ile ile, ila sasa ilikuwa ndefu pia kwenda juu. Wa kwanza kufika kwenye Kiti alikuwa Saa ya Ukutani. Akakaa. Mheshimiwa Zamu akapuliza filimbi kwa mazoea, lakini Saa akaonyesha kofia.

"Umemaliza?" watu wakamuuliza.

"Bado," alisema Saa. "Kazi yangu ni kuwa sasa hivi, na kila nikitaka kuinuka naona bado ni sasa hivi."

Mwanga ukaanza kufifia. Akina mama wa Kivinjari wakapiga kelele kwamba Kidole kinakuja. Ni ule mgao wa mipepeso mitano tu uliowaokoa, kwa sababu Mheshimiwa Zamu hakuwahi kuvaa kofia. Zamu ya wasio na kofia ilipofika, akaruka juu ya Kiti, akamsukuma Saa kwa nyonga, na kufuta amri yote.

"Mama mgeni," alisema akihema, "ukimtanguliza kila mtu, hujamtanguliza mtu."

"Nimeona," alisema Apaikunda. "Nisamehe. Mvike Kinanda peke yake."

Kinanda akaandikwa Chama cha Sauti mbele ya watu wote, akapewa kofia, akaenda kwenye Kiti. Mheshimiwa Zamu akamzuia.

"Huruhusiwi. Wewe si mwanachama."

"Si umeniandika sasa hivi?" Kinanda alilia.

"Nimekuandika. Lakini wewe uliyesimama hapa uliingia nchini kabla ya kuandikwa. Mwanachama ni yule atakayeingia. Toka nje ya lango, uingie tena, ndipo utakuwa wewe."

Kinanda alitaka kubishana, lakini Apaikunda, aliyesikia mahubiri juu ya kuzaliwa mara ya pili tangu akiwa mgongoni kwa mama yake, hakushangaa hata kidogo. "Toka, baba," alisema. "Hata kwetu ndivyo ilivyo." Kinanda akatoka kwa lango moja na kuingia kwa lango lile lile, na Mheshimiwa Zamu akampokea kwa furaha, akamuuliza habari za safari.

Wakamjaribu. Apaikunda alipiga makofi kwa mdundo wa wimbo chini ya lile sikio, matone yakaanguka, Kinanda akakinga, akakimbia, Sasisho akainuka kwa manung'uniko, Kinanda akakaa. Kisha akasimama akiwa bado na bakuli lake mkononi.

"Mlango wa stoo umefungwa," alisema. "Zamani nilimiminia dirishani, lakini mwenye kofia ndefu lazima apite mlangoni."

"Ufunguo anao nani?"

Wakaulizana foleni nzima, na jibu likatoka mwisho kabisa, kwa mzee mmoja mwenye wino vidoleni. Huyo alikuwa Chapa, msimamizi wa mashine ya kuchapisha. Aliuchukua ufunguo wakati wa Pasaka ili atoe tangazo stoo, akakuta karatasi zimekwisha, akaufunga mlango, tangazo likabaki mkononi. Tangu hapo alikuwa anangoja mpepeso mmoja tu ili aurudishe ufunguo msumarini.

"Si uutundike tu?" alisema Apaikunda.

"Kutundika ni kazi, mama," alisema Chapa kwa upole. "Lazima nikae."

"Na ile mipepeso mitano ya wasio na kofia?"

"Tuko wengi. Mimi natembea polepole, wote wananipita."

Kinanda, mwenye kofia ndefu kuliko zote nchini, akawa hana la kufanya ila kumngoja Chapa. Na kwa kuwa yeye anangoja na hakai, Kiti kilikuwa wazi, na mwenye kofia aliyefuata alikuwa Sasisho na kofia yake fupi. Akakaa. Akaulizia kama kuna jambo jipya. Akainuka, akakaa tena. Bakuli likajaa mpaka ukingoni.

"Baba Sasisho," Apaikunda alisihi, "mpishe mzee huyu mara moja tu."

"Hana kofia," alisema Sasisho. "Mimi ninayo. Huyo mwenye kofia ndefu simzuii hata kidogo. Aje akae, nitainuka. Mimi ni mtu wa sheria."

Na kweli, hakuwa amevunja sheria hata moja. Mjadala ukaanza. Mmoja alisema ufunguo nao upewe kofia. Mwingine alisema Kinanda aandikiwe barua ya kumpongeza kwa subira. Mzee wa kuzuia virusi alipendekeza Chapa apekuliwe. Tone la kwanza likamwagika ukingoni mwa bakuli, na sakafuni likasema "krrk."

Apaikunda akawaza juu ya Mama Nashesha na sanduku lake, akafumba macho, akaomba kwa maneno machache. Alipofumbua alisema, "Mheshimiwa, huko kwetu askofu akija, akawa anangoja chakula, unajua nani hupishwa njia?"

"Askofu."

"Mpishi! Mpishi anapita katikati ya wachungaji na sufuria yake, wote wanabanana ukutani, hakuna anayemuuliza cheo. Kwa nini? Kwa sababu anayemngoja ni askofu. Kwa muda ule sufuria ile ni ya askofu."

Mheshimiwa Zamu akatazama filimbi yake kana kwamba imeandikwa kitu. "Kwa hiyo Chapa..."

"Avae kofia ya Kinanda, mpaka ufunguo utundikwe. Kisha airudishe."

Kinanda hakungoja kura. Alivua kofia, akaenda mwisho wa foleni, akamvika Chapa. Ilimshuka mzee mpaka puani. Watu wakabanana ukutani, naye akapita kwa mwendo wake ule ule wa polepole, akipapasa, huku Kinanda akimwambia, "Kushoto, mzee wangu. Kushoto tena." Sasisho akainuka, maana alikuwa mtu wa sheria. Chapa akakaa mpepeso mmoja, akatundika ufunguo, akashusha pumzi ya tangu Pasaka. Kisha akaivua kofia kwa mikono miwili na kumrudishia mwenyewe, akaanza safari ya kurudi mwisho.

Apaikunda alimfuata. "Mzee Chapa, nikuletee nini?"

"Karatasi tu, mwanangu. Hata moja."

"Nitakuletea. Mungu ni shahidi yangu."

Alipoinua kichwa, kibodi ilikuwa imemwachia alama ya vitufe kwenye paji la uso, na wazee walikuwa wanaingia na vikombe vyao. Akachukua rimu ya karatasi kabatini, akajaza printa, kwa sababu aliapa. Akaurudisha muda wa kusubiri ukawa mdogo kama mwanzo. Akamvika Mama Nashesha hedifoni, naye akavaa yake, akabonyeza kitufe chekundu, akainua mkono.

Ni hapo tu, mkono ukiwa juu, alipoona alichofanya. Printa ya usharika ikiamka hunguruma kama mashine ya kusaga, nayo ilikuwa imekaa hatua moja kutoka kwenye kipaza sauti, tumbo limejaa karatasi. Kitaa chake cha kijani kilikuwa kinapepesa.

Mama Nashesha akaanza kuimba.

Aliimba kama mtu anayekabidhi kitu. Apaikunda aliongoza kwa mkono mmoja na kuomba kwa midomo, jicho moja kwa mwimbaji na jingine kwa kile kitaa. Ubeti wa pili ukapita, "tunakushukuru" ikiwa nzima. Kwenye hedifoni yake hakukuwa na krrk hata moja. Ikafika ile sauti ndefu ya mwisho, ambayo Mama Nashesha huishika mpaka watu huanza kumhofia. Printa ikajitikisa. Ikavuta karatasi moja mpaka nusu. Ikasimama.

Sauti ikaendelea, ikakonda, ikaisha yenyewe. Kwaya ikaitikia amina. Apaikunda akahesabu kimya cha pumzi moja, akabonyeza kitufe, na kidole kilipogusa tu, printa ikanguruma ofisi nzima ikatetemeka, ikatema karatasi sakafuni.

"Na huyu naye ni nani?" alisema Mama Nashesha, akivua hedifoni.

"Anaitwa Chapa, mama. Alikuwa anakungoja umalize."

Mama Nashesha akaiokota ile karatasi, akaishika mbali na macho. "Ratiba ya ibada ya Pasaka," alisoma. "Na huu ni Agosti." Akakohoa kidogo, akaitazama printa kwa muda mrefu, kisha akageuka kuwatazama besi mmoja mmoja.

"Mwenzenu ana adabu," alisema. "Anajua kungoja."